Nta Bila ya Asali: Kuijua Dini na Kuiishi Imani

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba elimu bila amali ni kama nta bila ya asali. Kwa sisi tuliozaliwa Ukambani, nchi ya mizinga, methali hii haihitaji mfasiri. Nta ina thamani yake na soko lake, wala hakuna anayeitupa. Hata hivyo, hakuna mrina asali anayekwea mti usiku, moshi machoni na nyuki shingoni, kwa ajili ya nta. Anachokifuata ni asali; nta ni nyumba tu iliyoitunza asali hiyo.

Makala haya yanaazimia kuitumia methali hiyo kupimia jambo ambalo aghalabu hulizungumza kwa haraka na kulipita: tofauti iliyopo baina ya kuijua dini ya Kikristo na kuwa na imani iliyo hai. Msimamo wangu una sehemu tatu. Kwanza, Ukristo wetu, na hasa ule wa maeneo kama Kasikeu katika Kaunti ya Makueni, umerithi mazoea ya kuvichukulia vitu hivi viwili kuwa kitu kimoja. Pili, mazoea hayo hayakuzuka hivi hivi; yana historia inayoweza kuelezwa. Tatu, sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna dhima ya kuyatambua kabla hatujasimama mbele ya darasa.

Huenda msomaji akauliza: jarida la wanafunzi wa Kiswahili lina uhusiano gani na imani? Jibu la kwanza ni la hali halisi. Katika vitivo vya elimu vya vyuo vikuu vyetu, Kiswahili na Dini ni muungano wa masomo uliozoeleka mno. Wengi wanaolisoma jarida hili watapangiwa vipindi vya ushairi asubuhi na vipindi vya manabii alasiri, katika shule ileile na pengine katika darasa lilelile. Jibu la pili ni la kitaaluma. Imani huelezwa, hurithishwa na hupotoshwa kwa lugha, na lugha ndiyo shamba letu. Kwa hiyo nitaanza na maneno yenyewe.

Ushahidi wa msamiati

Neno imani ni mgeni wa Kiarabu aliyekwisha kuwa mwenyeji wa Kiswahili karne nyingi kabla ya wamisionari. Wafasiri wa kwanza wa Biblia walilikuta vinywani mwa Waswahili Waislamu wa pwani, wakaliazima kwa kazi yao. Ukoo wa neno hili ni mpana: amini, mwaminifu, amana, amani. Yote hayo yana mzizi mmoja. Neno amana, hasa, linastahili kuangaliwa. Amana ni mali ambayo mtu humkabidhi mwenzake amtunzie. Hakuna anayeweka amana kwa mtu asiyemwamini, hata kama anamjua jina, ukoo na kijiji. Kwa hiyo, kwa mujibu wa ukoo wa neno lenyewe, imani haiko katika tabaka la habari. Iko katika tabaka la kukabidhi.

Neno dini nalo lina jamaa yake. Wanaleksikografia wa Kiarabu huliweka katika mzizi mmoja na neno ambalo sisi tunalitamka deni. Dini ni wajibu, ni jambo linalodaiwa na kulipwa. Elimu ni ujuzi. Basi tuna maneno matatu tofauti, na Mswahili hakuyapa maana moja hata siku moja. Elimu ya dini ni ujuzi kuhusu wajibu. Imani ni kujikabidhi. Mtu anaweza kuwa na wa kwanza bila wa pili, kama vile mwanasheria anavyoweza kuzijua sheria zote za ndoa naye hajapata kuoa.

Majirani zetu wa Kibantu wanatupa ushahidi mwingine. Wagikuyu huiita imani witikio, kutokana na kitenzi chenye asili moja na kuitikia katika Kiswahili. Hapa imani ni kuitika baada ya kuitwa. Anayesikia mwito, akautambua, akaeleza umetoka upande gani na kwa sauti ya nani, lakini asiitike, bado hajafanya kile ambacho kitenzi hicho kinadai.

Lakini kuna neno jingine ambalo historia ya Afrika Mashariki ililizalisha, nalo ndilo linalotuingiza katika kiini cha tatizo. Katika Buganda, Wakristo wa mwanzo waliitwa abasomi. Kwa Wagikuyu waliitwa athomi. Ukambani waliitwa asomi. Maana ya maneno yote matatu ni moja: wasomaji. Jirani alipotaka kusema kwamba fulani amekuwa Mkristo, hakusema kwamba amemwamini Mungu, kwani Mungu, awe Ngai au Mulungu, alikuwa akijulikana na kuombwa penye mathembo tangu zamani. Alisema kwamba fulani amekuwa msomaji. Jamii iliona kwa macho yake ni nini kilichobadilika, ikakipa jina.

Asomi wa Ukambani

Mwanzo wa jambo hili Ukambani unajulikana vyema. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 akitumwa na shirika la CMS, aliingia Ukambani mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo akauona Mlima Kenya akiwa Kitui. Mwaka 1850, Injili ya Marko aliyoitafsiri kwa Kikamba ilichapishwa Ujerumani. Utazame mfuatano huo, ndugu msomaji: kitabu kilikuwako kabla ya kuwako kanisa hata moja katika nchi hiyo.

Karibu nusu karne baadaye, mwaka 1895, Peter Cameron Scott na wenzake wa Africa Inland Mission walianzisha kituo chao cha kwanza Nzaui, katika eneo ambalo leo limo ndani ya Makueni. Scott alifariki kwa homa mwezi Desemba 1896, akiwa na umri wa miaka 29. Huo ni umri ambao wengi wetu tungali tunaandika tasnifu. Lolote mtu analoweza kusema juu ya umisionari na uhusiano wake na ukoloni, na yapo mengi ya kusemwa, hawezi kusema kwamba kijana huyo alikuja Nzaui na maarifa matupu. Alikuwa ameikabidhi nafsi yake kwa kitu.

Hata hivyo, mbegu hiyo ilipokua, ilikua ndani ya shule. Sababu zake zinaeleweka. Mapokeo ya Kiprotestanti yanashikilia kuwa kila muumini ajisomee Maandiko mwenyewe. Kwa hiyo katika misheni nyingi, kujua kusoma kulikaribia kuwa sharti la kubatizwa. Isitoshe, imani haionekani, ilhali kusoma kunaonekana. Mmisionari anayeandika ripoti hawezi kuhesabu mioyo iliyojikabidhi, lakini anaweza kuhesabu vijana waliomaliza kitabu cha kwanza. Fauka ya hayo, reli ilipokwisha kupita na ofisi za serikali kufunguliwa, kusoma kulikuwa mlango wa mshahara. Kijana aliyebisha hodi misheni huenda alimtaka Mungu, huenda alitaka ukarani, na huenda aliwataka wote wawili kwa pamoja. Nani angemlaumu? Lakini mfumo haukuwa na chombo cha kutenganisha haja hizo.

Mtu aliyeliona tatizo hili kwa undani zaidi ni mwana wa Ukambani mwenyewe, John Mbiti, aliyezaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931, akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, na kufariki mwaka 2019. Wengi wanamjua kwa kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, ambamo maneno mawili ya Kiswahili, Sasa na Zamani, yalipandishwa hadi kuwa istilahi za falsafa. Wachache wanakijua kitabu chake cha mwaka 1971 kuhusu mafundisho ya mambo ya mwisho katika Agano Jipya na jinsi yalivyopokelewa na Wakamba. Humo alionyesha kwamba waumini waliofundishwa juu ya mbinguni, jehanamu, hazina na mji mtakatifu waliyapokea mafundisho hayo kwa maana ya juujuu, kama habari za mahali na vitu vitakavyokuja. Ishara ilichukuliwa kuwa ndicho kitu chenyewe. Kwa lugha yetu ya fasihi, sitiari ilisomwa kama maelezo.

Uchunguzi huo una uzito mkubwa kwa hoja yangu. Wakamba hao hawakukosa mafundisho. Walikuwa na mafundisho tele, na waliyakumbuka. Kilichokosekana ni daraja la kuyavusha kutoka katika kumbukumbu hadi katika maisha ya sasa. Naona si ajabu kwamba Mbiti, alipokuwa amepita umri wa miaka themanini, aliifanya kazi ya kulitafsiri Agano Jipya moja kwa moja kutoka Kiyunani hadi Kikamba, tafsiri iliyochapishwa mwaka 2014. Mtu aliyekwisha kuandika vitabu vya kitaaluma kwa ajili ya ulimwengu alirudi kuitafutia imani maneno ya nyumbani kwao.

Wako pia walioliona tatizo hilo bila kuandika kitabu. Vuguvugu la uamsho lililoanza Rwanda na Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920 na kufika Kenya mwaka 1937 lilikuwa, kwa kiasi kikubwa, uasi wa ndani dhidi ya Ukristo wa wasomaji. Walokole waliwauliza Wakristo wenzao waliobatizwa, na hata wachungaji, swali la kuudhi: unajua yote haya, lakini je, yamekufanya nini? Wakati wa Hali ya Hatari katika miaka ya 1950, wako miongoni mwao katika nchi ya Wagikuyu waliokataa kula kiapo cha Mau Mau na wakakataa vilevile kushika bunduki za serikali, na baadhi yao wakauawa kwa msimamo huo. Mtu anaweza kupinga uamuzi wao wa kisiasa. Hawezi kusema kwamba ulikuwa jibu la mtihani.

Darasa la Ibrahimu

Tuje sasa darasani. Katika silabasi ya shule ya upili ya mfumo wa 8-4-4, ambao sasa unaelekea ukingoni, mwanafunzi wa kidato cha kwanza alikuwa akifundishwa habari za Ibrahimu chini ya mada ya imani na ahadi za Mungu. Alijifunza kwamba Ibrahimu alikubali kuihama nchi yake, alijenga madhabahu, alikubali kutahiriwa, na alikuwa tayari kumtoa Isaka. Hatimaye huulizwa ataje njia ambazo kwazo Ibrahimu alidhihirisha imani yake. Kila njia ina alama yake. Mwanafunzi mwenye bidii huzipata zote.

Mwanafunzi Muislamu anaweza kuzipata zote. Asiyeamini kuwa Mungu yupo anaweza kuzipata zote. Hilo si kosa la mtihani. Mtihani ulitungwa kupima maarifa, na maarifa ni haki ya kila mwanafunzi awe wa imani yoyote ile. Kosa ni letu tunapoiangalia alama ya A katika somo la Dini na kuisoma kama ushuhuda wa kiroho, au tunapomwona aliyepata D tukamchukulia kuwa yu mbali na Mungu. Kukariri safari ya Ibrahimu si kufunga mizigo.

Maandiko yenyewe yana mfano wa jambo hili, nao ni mkali kuliko lolote ninaloweza kulibuni. Katika sura ya pili ya Injili ya Mathayo, Herode anawaita makuhani wakuu na waandishi, anawauliza Kristo atazaliwa wapi. Wanajibu papo hapo: Bethlehemu, na wanataja nabii aliyesema hivyo. Jibu ni sahihi kabisa. Wangepewa alama zote. Kutoka Yerusalemu hadi Bethlehemu ni mwendo wa saa chache tu kwa miguu. Mathayo hasemi kwamba hata mmoja wao aliinuka kwenda kuona. Waliokwenda ni wageni kutoka mashariki, watu wasiokuwa na Maandiko hayo, waliolazimika kuuliza njia. Wajuzi walibaki na maarifa yao, waulizaji wakafika.

Fasihi yetu nayo imeligusa jambo hili. Katika riwaya ya Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, tunaona binti aliyelelewa kwa ukali na hofu. Amefundishwa mema na mabaya, amezungushiwa ua wa makatazo, lakini hakuna kilichopandwa ndani ya ua huo. Anapopata uhuru, ua unaanguka na hapabaki kitu cha kumshikilia. Katika mapokeo ya Kiislamu ya pwani, mtunzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdallah bin Nasir, alikuwa mwanachuoni. Lakini katika utenzi huo hawahutubii wasiojua. Anauhutubia moyo wake mwenyewe, kwa kuwa moyo wa mjuzi nao unaweza kulala. Tatizo hili, basi, halihusu Wakristo peke yao, wala halikuletwa na meli ya wamisionari.

Kasikeu na mbegu katika vumbi

Kasikeu ni wadi katika eneo bunge la Kilome, Makueni. Ndani yake mna mji wa Sultan Hamud, kando ya reli na barabara kuu ya Mombasa, mji unaobeba jina la Sultani Hamud bin Mohammed wa Zanzibar aliyetawala kati ya 1896 na 1902. Huwezi kwenda mbali bila kukutana na kanisa. Africa Inland Church ina mizizi mirefu huku, Wakatoliki wana parokia zao, ambazo tangu mwaka 2023 zina makao ya jimbo karibu, baada ya Jimbo la Wote kuundwa, na makanisa ya Kipentekoste yameota kila penye soko. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba zaidi ya Wakenya 8 kati ya kila 10 ni Wakristo. Kasikeu haiwezi kuwa pungufu ya hapo.

Kwa hiyo maarifa ya dini hayajapungua Kasikeu. Wapo wanaotaja sura na aya bila kufungua kitabu. Wakati huohuo, kesi za mipaka ya mashamba baina ya ndugu wa tumbo moja hazijaisha, wajane bado hunyang'anywa ardhi, na katika mazishi mtu hunukuu Maandiko ya kufariji huku moyoni akihesabu nani atarithi nini. Watu hao si wajinga. Wanajua kila wanachopaswa kujua. Ndiyo maana naona kwamba kuwaongezea mafundisho tu hakutatibu chochote.

Imani iliyo hai Kasikeu tutaitafuta wapi? Napendekeza tuitazame katika kilimo. Nchi yetu ni kavu. Mvua huja mara mbili kwa mwaka, na ile ya Oktoba hadi Desemba ndiyo tegemeo kubwa. Wakulima wengi wa Ukambani hupanda kabla ya mvua kunyesha: mbegu za kunde, pojo, mbaazi au mahindi hufukiwa katika udongo mkavu, katika vumbi tupu, ili tone la kwanza lizikute ardhini. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwanzo wa mwaka 2023, misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika sehemu kubwa za Pembe ya Afrika na maeneo kame ya Kenya. Kila aliyepanda akakosa alikula hasara ya mbegu ambazo angeweza kuzipika.

Mtu anaweza kuusoma utabiri wa hali ya hewa, akaujua, akaufafanua kwa ufasaha mbele ya baraza, na asipande hata punje. Mwingine, aliyekosa mavuno msimu baada ya msimu, anakichukua kikopo cha mwisho cha kunde na kukimimina katika vumbi. Mkulima huyu hapandi kwa kutojua kwamba mvua yaweza kukosa. Analijua hilo kuliko mtabiri, kwa sababu amelala njaa kwa ajili yake. Anapanda akijua. Hapo ndipo naiona tofauti ninayoizungumzia. Imani haianzi pale maarifa yanapoishia, kama wengine wanavyodhani. Imani ni kile ambacho mtu hukifanya kwa maarifa aliyo nayo wakati ambapo kukifanya kuna gharama.

Kwa mintarafu hiyo, wapo miongoni mwa akina susu, kama tunavyowaita nyanya zetu kwa Kikamba, wasiojua kusoma hata herufi moja. Hawawezi kutaja vitabu vya Biblia kwa mpangilio. Lakini jirani anapofiwa, wao ndio wa kwanza kufika na kuni na mtungi wa maji. Na mjane anapokosa nguvu za kulima, wao ndio wanaouitisha mwethya, ule utaratibu wetu wa kale wa kusaidiana kazi. Sisemi kwamba kutojua kusoma ni fadhila. Nasema kwamba kama tungewapima akina susu hao kwa kipimo cha asomi, wangeshindwa mtihani ambao maisha yao yameshaufaulu.

Hoja kinzani: Shakahola

Mpinzani makini ataniuliza: huoni hatari? Ukishaidunisha elimu ya dini na kuitukuza imani ya moyoni, unawaandalia watu shimo. Hoja hii ina nguvu, na jina lake ni Shakahola. Mwezi Aprili 2023, katika msitu huo wa Kaunti ya Kilifi, polisi walianza kufukua miili ya wafuasi wa kanisa moja waliodaiwa kuhimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Kristo. Miili iliyofukuliwa ilizidi 400, na mingi ilikuwa ya watoto. Kiongozi wao, Paul Mackenzie, alifikishwa mahakamani pamoja na wenzake, wakakana mashtaka. Haiwezekani kusema kwamba waliokufa hawakuwa na bidii. Walijikabidhi mno. Kama imani ni kujikabidhi tu, basi Shakahola ilikuwa na imani kuliko sisi sote.

Nakiri uzito wa hoja hii, na ndiyo maana sikusema wala sitasema kwamba maarifa hayana kazi. Asali isiyo na nta humwagika. Amana huwekwa kwa mwaminifu, na ili kumjua mwaminifu lazima mtu achunguze. Muumini aliyefundishwa kuyasoma Maandiko kwa muktadha wake, anayejua kutofautisha fumbo na amri, si rahisi kuongozwa msituni na mtu mmoja anayedai kuijua siku ya mwisho. Tukumbuke hapa onyo la Mbiti: mambo ya mwisho yanapofundishwa bila uangalifu, na ishara ikachukuliwa kuwa kitu chenyewe, matokeo yake ni mabaya. Aliandika hayo zaidi ya miaka hamsini kabla ya Shakahola.

Mkulima wa Kasikeu anayepanda katika vumbi naye si mjinga. Anachagua mbegu inayokomaa upesi, anatengeneza matuta ya kuzuia maji, anajua upande wa shamba unaoshika unyevu. Maarifa yake yanaihudumia imani yake, na imani yake inayapa maarifa hayo kazi. Kwa hiyo ugomvi wangu hauko na elimu. Uko na elimu inayojifanya kuwa ndiyo imani, ikamzuia mwenye nayo kugundua kwamba hana.

Na kinyume chake pia kipo. Ushuhuda wa wokovu, ambao kwa walokole wa mwanzo ulikuwa maungamo ya hatari mbele ya watu, katika baadhi ya makanisa leo umekuwa fomula: maneno yaleyale, mpangilio uleule, hadi mtoto wa shule anaweza kuukariri. Lugha ya imani iliyo hai nayo hugeuka kuwa somo la kukariri iwapo hatutaiangalia. Wanasiasa wetu wanaijua fomula hiyo kuliko yeyote; husimama madhabahuni, husalimia kwa jina la Bwana, hutoa bahasha. Novemba 2024, Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi lilipoukataa hadharani mchango wa fedha uliotolewa na Rais William Ruto katika kanisa lake mojawapo, wengi walishangaa. Kushangaa kwetu kunaonyesha jinsi tulivyokwisha kuzoea.

Mwalimu wa Kiswahili na Dini afanye nini?

Sipendekezi kwamba darasa la Dini ligeuzwe kuwa mkutano wa injili. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 32, inampa kila mtu uhuru wa dhamiri na dini, na mwanafunzi hawi mateka wa imani ya mwalimu wake. Zaidi ya hayo, imani inayolazimishwa si amana, ni unyang'anyi. Lakini kuna mambo matatu ambayo mwalimu anaweza kuyafanya bila kuvuka mpaka huo.

La kwanza ni kusema ukweli juu ya mtihani. Mwalimu awaambie wanafunzi wazi kwamba alama zinapima wanachokijua, na kwamba hakuna karatasi inayoweza kupima wanachokiamini. Kauli hiyo fupi humwondolea aliyefaulu kiburi na aliyeanguka aibu. Hata mtaala wa umilisi, unaosisitiza maadili na stadi badala ya kukariri, hauwezi kuepuka swali hili. Thamani ya moyo haijazwi katika kisanduku cha tathmini.

La pili ni kuyafundisha Maandiko kama tunavyofundisha fasihi. Sisi tunajua vyema kwamba kuhesabu mizani si kulihisi shairi. Mwanafunzi anaweza kusema kwamba beti ni tarbia, kila mshororo una mizani kumi na sita, vina vya kati na vya mwisho vimezingatiwa, kibwagizo kipo, na shairi lisimguse hata chembe. Mwalimu mzuri haishii kwenye arudhi, wala haitupi arudhi. Huuliza: nafsi hii inamwambia nani? Kwa nini inalia? Wewe ungejibu nini? Maswali hayohayo yaulizwe juu ya Ibrahimu, juu ya Ayubu, juu ya wale waandishi wa Yerusalemu waliojua jibu na wasiondoke. Mathias Mnyampala, Mkatoliki wa Ugogo, aliitia Injili katika utenzi kwa sababu alijua kuwa kuna mambo ambayo maelezo hayawezi kuyafikisha moyoni.

La tatu ni maisha ya mwalimu mwenyewe. Katika Waraka wa pili kwa Timotheo, imani ya kijana huyo inafuatiliwa hadi kwa nyanya yake na mama yake, ambao wote wanatajwa kwa majina. Imani ilipita kwa watu. Mwanafunzi atasahau orodha ya njia za Ibrahimu wiki moja baada ya mtihani, lakini hatasahau kama mwalimu aliyemfundisha alikuwa mtu wa haki katika mambo madogo: zamu, fedha za safari, adhabu, na msichana aliyemwamini.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba kuchanganya ujuzi wa dini na imani iliyo hai ni urithi wa historia yetu, urithi uliohifadhiwa ndani ya neno asomi, ukakuzwa na shule na kuidhinishwa na mtihani. Nimeonyesha vilevile kwamba kuitupa elimu si tiba, kwani Shakahola imetufunza kiasi gani kujikabidhi bila kupima kunaweza kugharimu. Kinachotakiwa ni kila kimoja kikae mahali pake.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni la wachungaji na mapadri, si la walimu. Sikubaliani nao, kwa kuwa mtoto wa Kasikeu hukaa na mwalimu siku tano za wiki na na mchungaji saa chache za Jumapili. Wapo pia watakaosema kwamba imani ni siri ya mtu na Mungu wake, haifai kujadiliwa jaridani. Hao nawaalika wajibu katika toleo lijalo. Lakini kabla ya kushika kalamu, kila mmoja wetu anayejiandaa kufundisha Dini ajiulize swali ambalo walokole waliwauliza wasomaji wa zama zao: haya yote ninayoyajua, yamenifanya nini? Swali hilo halina mwongozo wa kusahihishia.